Barua ya wazi kwa wakuu wa Subaru: plastiki tutaizoea, gia ya mkono irudisheni

Kwa Bodi ya Wakurugenzi ya Subaru Corporation, Ebisu, Tokyo, na kwa wakuu wa Subaru Tecnica International, Mitaka

Nairobi, Novemba 2025

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Nairobi, mji ambao huenda hauonekani kabisa katika vitabu vyenu vya mauzo, kwa kuwa wengi wetu hatununui magari yenu yakiwa mapya. Tunayapata baada ya kutumika huko Japani kwa miaka kadhaa, yakapita mnadani, yakapakiwa melini, yakashushwa Mombasa na hatimaye kuegeshwa katika yadi za Barabara ya Ngong yakisubiri mnunuzi. Pamoja na hayo, jina lenu lina uzito hapa ambao haukuletwa na matangazo.

Uzito huo uliletwa na Safari Rally. Mwaka 1993 mlituletea Vivio, kigari cha injini ya cc 660 ambacho ungedhani kimeletwa kwa mzaha, na Patrick Njiru akakifikisha mwisho wa mashindano yaliyozoea kuvunjavunja magari makubwa zaidi. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda hapa akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaurudia ushindi huo huku Juha Kankkunen akimfuata katika nafasi ya pili kwa gari kama lake. Watoto walioyaona magari yale ya buluu, yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa, ndio watu wazima wanaonunua Impreza, Legacy na Forester leo, na ndio waliowafundisha wadogo zao kuitofautisha GC8, Impreza ya kizazi cha kwanza, na GDB, ya kizazi cha pili, kwa kuangalia taa tu.

Jambo linalonileta kwenu ni WRX, lile gari la kasi lililotokana na Impreza, mliyoizindua upya Septemba 2021, pamoja na yote mliyoifanyia na mliyokataa kuifanyia tangu wakati huo. Najua mmepokea malalamiko mengi kuhusu gari hili, na hofu yangu ni kwamba wingi wake umewafanya myachukulie yote kuwa kelele za namna moja, yaani kelele za mashabiki wasioridhika na lolote. Si ya namna moja. Yapo yanayohusu sura ya gari, ambayo nawaomba kwa heshima zote myapuuze, na yapo yanayohusu kazi ya dereva ndani ya gari, ambayo mkiyapuuza mtabaki na jina la WRX lisilo na kitu ndani yake.

Nianze na plastiki, kwa kuwa ndiyo iliyopigiwa kelele zaidi. Siku picha zilipotoka, watu hawakuzungumza sana juu ya injini mpya wala bodi mpya. Walizungumza juu ya ile plastiki nyeusi iliyozungushwa kwenye matao ya magurudumu, kana kwamba WRX imeazima nguo za Crosstrek, gari lenu la familia lililoinuliwa. Waliokasirika walikuwa na hoja moja ya haki. Mwaka 2017 mlionyesha Tokyo gari la maonyesho mliloliita Viziv Performance, lenye mabega mapana yaliyovimba juu ya magurudumu, na kwa miaka minne watu wakaliwazia gari hilo, kisha wakaletewa jingine lililokonda. Ninyi mlieleza kwamba plastiki ile ina nakshi ya pembe sita inayopunguza msukosuko wa hewa pembeni mwa gari, na sina sababu ya kuwabishia wahandisi wenu.

Nitasema jambo ambalo wenzangu hawatalipenda: mimi plastiki hainisumbui hata kidogo. Anayeendesha gari kwenye barabara za vumbi za upande wa Naivasha anajua kokoto inavyobandua rangi kwenye madigadi, na anajua pia kwamba ukingo wa plastiki ulioparuzwa hufunguliwa kwa skrubu na kubadilishwa, ilhali bati likibonyea litadai kunyooshwa, kupigwa msasa na kupakwa rangi upya ambayo mara nyingi haitalingana na ile ya mlango. Huenda mliitengeneza plastiki hiyo bila kutufikiria, lakini ingetufaa sisi kuliko wale wa miji yenye lami tupu.

Historia yenu wenyewe iwatulize kuhusu mambo ya sura. Mwaka 2000 mlipoleta Impreza ya kizazi cha pili yenye taa za mviringo, mashabiki waliicheka na kuiita macho ya mdudu. Mliibadilisha sura mwaka 2002, mkaibadilisha tena mwaka 2005, mara mbili katika kizazi kimoja, jambo ambalo kampuni zenye subira hazilifanyi. Leo ile ya macho ya mdudu ina wapenzi wanaoitetea kwa ukali kuliko nyingine zote. Jicho la mtu huzoea.

Vivyo hivyo kuhusu mlio. Wengi wanalalamika kwamba WRX ya sasa hailii kama Subaru, na ni kweli hailii. Mngurumo ule wa zamani ulitokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu kati ya injini na turbo. Mlipoyalinganisha ili turbo ifanye kazi vizuri zaidi, mngurumo ukaondoka. Huo ni ufundi bora ulioletwa kwa gharama ya sifa, na ingawa mimi pia naupenda ule mngurumo, siwezi kuwaomba mwirudishe injini nyuma kwa sababu ya masikio yangu. Majirani zetu wa Nairobi, ambao kwa miaka mingi wameamshwa na vijana waliokata bomba la ekzosi, bila shaka wangewatumia barua ya shukrani.

Sasa niingie kwenye nguvu, ambako malalamiko yanaanza kuwa na msingi. Injini ya lita 2.0 iliondolewa, ikaingia ya lita 2.4 ambayo mlikuwa mmekwisha kuitumia katika Ascent, gari la familia lenye safu tatu za viti. Huko Marekani nguvu farasi zilipanda kutoka 268 hadi 271, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ikabaki ileile ya newtoni-mita 350. Mtu aliyesubiri kizazi kipya akaambiwa kwamba faida yake ni farasi watatu. Kwenu nyumbani ilikuwa vibaya zaidi: WRX S4, kama WRX inavyoitwa huko, iliyotangulia ilitoa nguvu farasi 300 na torki 400, na hii ya sasa ikashuka hadi 275 na 375. Sikumbuki mara nyingi ambapo kampuni imezindua kizazi kipya cha gari la mbio na kuomba kipigiwe makofi huku namba zikirudi nyuma.

Hata hapa, hata hivyo, naona haki yenu pia. Namba ya juu kabisa haielezi gari zima. Injini ya lita 2.4 inavuta mapema kabla turbo haijapata pumzi kamili, na kwetu sisi tunaoishi mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, penye hewa nyepesi, huo mvuto wa mapema ni jambo la kila siku na si la maonyesho. Bodi nayo mlisema imekuwa ngumu zaidi dhidi ya kujipinda kwa asilimia 28, na ugumu wa namna hiyo ndio unaoiwezesha shokomzoba kufanya kazi yake kwenye barabara mbovu badala ya bodi yenyewe kujinyonga. Kama lalamiko lingekuwa juu ya nguvu peke yake, ningewashauri mkae kimya na kuwaachia mafundi wa kuongeza nguvu wamalize kazi, maana ndivyo WRX nyingi zinavyoishia.

Lakini mnakumbuka ilivyokuwa mwaka 2007. Mlileta kizazi cha tatu, STI, toleo kali zaidi la WRX, ikawa ya hachibeki pekee, springi zikawa laini, na WRX iliyouzwa Marekani ikabaki na nguvu farasi 224 tu. Malalamiko yakaja, na safari hiyo hamkuyapuuza. Katika toleo la mwaka uliofuata mliipandisha hadi 265 na kuikaza miguu, na mwaka 2010 STI ya sedani ikarudi ikiwa na mabega mapana. Mlifanya vilevile kwa BRZ, gari lenu dogo la milango miwili: ya mwaka 2012 ililaumiwa kwa udhaifu wa torki, newtoni-mita 205, na iliyoifuata ikaja na injini ya lita 2.4 yenye 250. Kwa hiyo siandiki kwa watu wasiosikia. Naandika kwa watu waliosikia mara mbili na ambao, kwa sababu nisiyoielewa, safari hii wamesikia nusu.

Nusu wasiyoisikia ni gia.

WRX S4 iliyouzwa Japani tangu 2021 hadi ninapoandika, Novemba 2025, haikupatikana na giaboksi ya mkono. Ina CVT pekee, ule utaratibu wa mnyororo unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, hata kama mmeupa jina jipya la kuvutia. Anayetaka klachi na gia sita inambidi awe Marekani, ambako usukani uko kushoto, au awe katika nchi chache za usukani wa kulia kama Australia ambako mliipeleka. Gari ambalo jina lake lilitokana na mashindano ya dunia ya rali, ambalo mwaka 1992 lilizaliwa na injini ya turbo, nguvu farasi 240 na dereva anayechagua gia kwa mkono wake, tangu 2021 katika nchi lilikozaliwa limemnyima dereva uchaguzi huo.

Huenda mtasema kwamba soko la Japani lenyewe halitaki tena gia ya mkono. Ningeuamini utetezi huo kama msingekuwa mnauza BRZ yenye gia ya mkono katika soko hilohilo, iliyotengenezwa Gunma, mkoa ambako WRX hutengenezwa. Huenda mtasema mfumo wa usalama wa EyeSight hauendi vizuri na klachi. Mwaka 2023 mliuweka katika BRZ ya gia ya mkono, na wahandisi wenu walioifanya kazi hiyo wanastahili pongezi kwa kuiondoa sababu ya mwisho ya kusema haiwezekani.

Tena mtazameni Toyota, ambayo ni mwanahisa wenu mkubwa. Mwaka 2024 iliibadilisha GR Yaris, gari lake dogo la kasi: nguvu farasi zikapanda kutoka 272 hadi 304, dashibodi ikapangwa upya kwa ajili ya dereva wa mashindano, na giaboksi ya otomatiki ya gia nane ikaongezwa kwa anayeitaka huku ya mkono ikiachwa mahali pake. Kilichoongezwa hakikufukuza kilichokuwepo. Na si ajabu kwamba tangu Safari Rally irudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, kila mara mshindi ametokea na Toyota, ilhali ninyi mliondoka kwenye mashindano hayo mwishoni mwa 2008 na hamjarudi. Kijana wa miaka kumi na tano anayesimama leo kwenye vumbi la Kedong au Sleeping Warrior anajenga mapenzi yake mahali pengine, na ninyi hampo kumshawishi.

Niruhusuni sasa nieleze kwa nini uamuzi unaofanywa Ebisu kuhusu wanunuzi wa Japani unaamua pia tutaendesha nini Afrika Mashariki. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani ni lazima uwe kulia. Hesabu hiyo husogea kila Januari: mwaka 2025 mwisho ni magari ya 2018, mwaka 2026 ni 2019, na itakapofika 2028 mwisho utakuwa 2021. STI ya mwisho yenye injini ya EJ20 na gia sita za mkono, ile yenye nguvu farasi 308, ilifungiwa Japani kwa toleo la mwisho la magari 555 lililotangazwa mwaka 2019. Maana yake ni kwamba baada ya 2027 hakuna STI ya Japani itakayoshuka kihalali Mombasa kwa mnunuzi wa Kenya, na WRX itakayokuwepo mnadani itakuwa ya CVT. Majirani zetu wa Tanzania wana nafasi kubwa kidogo, kwa kuwa wao hutozwa ushuru wa uchakavu badala ya kukatazwa, lakini nao wanategemea mnada uleule.

Hapo ndipo linapotokea tatizo ambalo halihusu mapenzi bali gereji. Klachi ikiisha, fundi yeyote anayejiheshimu katika Barabara ya Kirinyaga au Industrial Area ataishusha giaboksi, aweke sahani mpya na kukurudishia gari. CVT ikianza kuteleza, mazungumzo huhama upesi kutoka kwenye matengenezo kwenda kwenye kutafuta giaboksi nzima iliyotumika, ambayo nayo hakuna ajuaye ilitunzwaje. Watu wanaoinunua WRX hapa huitumia kwa kupanda na kushuka kingo za Bonde la Ufa, kwa mbio za vilabu na kwa safari ndefu zenye joto. Si matumizi ambayo mnyororo ule unayafurahia.

Kuhusu STI yenyewe sitasema mengi, kwa kuwa tangazo lenu la Machi 2022 lilikuwa la wazi: mlisema hamtatengeneza STI ya petroli kwa kizazi hiki, na kwamba mnatafakari namna ya kuipeleka kwenye umeme. Sheria za moshi ni kali, kampuni yenu ni ndogo ukiilinganisha na wale mnaoshindana nao, na faini ya moshi hailipwi kwa mapenzi ya mashabiki. Nilisikitika, lakini nililielewa. Nisichokielewa ni S210, toleo maalumu la WRX mliloitoa mwaka 2025. Mliipa breki bora, viti bora, nguvu farasi 300 na nembo ya STI, mkatengeneza magari 500 kwa Japani ambayo wanunuzi wake walipatikana kwa bahati nasibu, kisha mkaiacha na CVT. Mtu wa namna gani hushinda bahati nasibu ya gari adimu la dereva ili asibadilishe gia? Marekani mliwapa WRX tS, yenye breki za Brembo, viti vya Recaro na gia ya mkono pekee. Vipande vyote vya gari tunalolililia vipo katika ghala zenu, lakini vimetawanywa kwenye masoko tofauti.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa miaka kumi na zaidi mmesifiwa sana Marekani kwa Forester, Outback na Crosstrek. Sisemi sifa hizo hazikustahili. Ndizo zinazolipa mishahara. Nasema tu kwamba mnaposikia malalamiko kuhusu WRX, msiyapime kwa mizani ya mnunuzi wa Crosstrek, ambaye hajali mguu wake wa kushoto unafanya nini.

Oktoba 2025, katika maonyesho ya magari ya Tokyo, mlionyesha gari la majaribio mliloliita Performance-B STI, lenye injini ya boksa na nguvu inayokwenda magurudumu yote manne. Wenzangu wameanza kuliota, kama walivyoiota Viziv mwaka 2017. Kwa hiyo naomba mambo haya, na nayaomba kwa uzito usiolingana.

La kwanza, na lililo kubwa kuliko mengine yote, ni kwamba muiuze Japani WRX ya kawaida yenye giaboksi ya mkono, iliyo katika orodha ya bei ya kila siku na si katika bahati nasibu, kwa sababu gari linalouzwa kwa mia tano halifiki mnadani kwa idadi inayoweza kutufikia. Ikiwa itabidi iwe na nguvu farasi 275 zilezile, iwe nazo. Ikiwa itabidi iwe na plastiki, iwe nayo pia.

La pili ni kwamba msituonyeshe tena mabega ambayo hamna nia ya kuyatengeneza. Gari la maonyesho likishaamuliwa kubadilika, semeni mapema, hata kama habari yenyewe haipendezi.

Na kama hayo mawili ni mazito mno, basi endeleeni angalau kutengeneza spea za EJ20, hasa gasketi, pampu za mafuta na vipuri vya giaboksi ile ya gia sita, kwa miaka mingi kuliko sheria inavyowataka, kwa kuwa magari hayo ndiyo tutakayobaki nayo.

Wenu kwa heshima,

Mpenzi wa Subaru, Nairobi